Toran Iliyopinda: Mapambo ya Vasant katika Nyumba Zenye Watoto Wadogo

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wazazi wa darasa la watoto la Jumapili, katika maadhimisho ya hekalu letu, Morogoro



Majirani zetu tuwaeleze jambo moja mapema, msije mkashangaa mbele ya safari. Katika nyumba zetu za Kigujarati, “dada” ni babu mzaa baba, “kaka” ni ndugu yake baba, na “mama” ni mjomba. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu huita “dada!” akaitikiwa na watu wawili kwa mpigo, babu yake aliye kitini na binti anayetusaidia kazi jikoni. Mtoto mwenyewe hachanganyikiwi hata kidogo. Sisi watu wazima ndio tunaocheka.

Waliotutangulia kusema leo wametueleza habari za matofali na michango, na za wazee waliopanda garimoshi na kushuka katika mji huu baada ya reli kutoka Dar es Salaam kufika hapa mwaka 1907. Hizo ni habari kubwa na zimesemwa vizuri. Sisi tumepewa dakika chache tuseme juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vya hesabu vya hekalu: mapambo ambayo watoto wadogo huyatengeneza nyumbani kwa ajili ya Vasant, majira ya kuchipua. Tunalo na ombi, nalo tutalitoa kwa kamati kabla hatujaketi.

Vasant ni ya kwanza katika majira sita ya kalenda ya wazee wetu. Huanza kusikika siku ya Vasant Panchami, mwezi Januari au Februari, tunapovaa njano na kuweka daftari za watoto mbele ya Mama Saraswati. Hufika kileleni kwa Holi, usiku wa mbalamwezi ya mwezi wa Phalgun, ambayo mara nyingi huangukia Machi. Kisha hutufikisha Ram Navami. Kule Gujarat, wakati huo baridi imeondoka, na mti uitwao kesudo umewaka maua ya rangi ya chungwa hata kabla haujatoa majani.

Lakini sisi tunaishi karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Mwezi Machi hapa kwetu ni mwezi wa kuangalia mlima. Wingu linaanza kufunika minara ya Bondwa, linashuka polepole juu ya mashamba ya ndizi, na mtoto aliye barazani anapiga kelele kuwaambia wenzake waanue nguo. Miti inayochanua hapa huchanua kwa kalenda yake yenyewe. Mijakaranda hutandika zambarau barabarani mnamo Oktoba na Novemba, wakati sisi tunashughulika na Navratri na taa za Diwali, na mikrismasi huwa myekundu mwisho wa mwaka. Ndiyo maana mwanafunzi mmoja wa darasa letu alisimama akauliza kwa adabu kabisa: “Mwalimu, mnasema ni majira ya maua. Maua yenyewe yako wapi?”

Swali hilo halikuwa la utani, nasi tulilizungumza wiki kadhaa. Yapo majibu ya kitabuni, kwamba sikukuu hufuata mwezi wala haifuati mvua, na kwamba tunawakumbuka wahenga. Ni majibu sahihi, lakini kwa mtoto wa miaka sita hayashikiki. Jibu tulilolipata liko uani: masika ya Morogoro hayatuletei maua mengi, yanatuletea majani. Kila kilichokuwa cha kahawia mwezi Februari kinarudi kijani, hata ufa wa ukuta wa choo cha nje unaota kitu. Basi Vasant yetu ni Vasant ya majani, na pambo lake la kwanza ni toran.

Toran, kwa wasioijua, ni utepe wa majani unaoning'inizwa juu ya mlango. Majani yake ni ya mwembe. Neno “embe” lenyewe ni ndugu wa neno letu “ambo”, na mti huo ulivuka bahari zamani mno, kabla ya maduka na kabla ya reli. Hakuna mtu wa Morogoro anayeuona kuwa mgeni. Mtoto haagizwi kwenda kutafuta chochote cha kigeni. Anatumwa uani, au kwa jirani, achume majani yaliyolingana urefu: kumi na moja kwa mlango mwembamba, ishirini na moja kwa mlango wa mbele. Huyaosha katika beseni, huyafuta kwa kitambaa, huyapanga sakafuni.

Kamba yetu ni ya katani. Twaweza kununua uzi wa nailoni, na ni rahisi, lakini mkoa huu umeishi kwa mkonge tangu enzi za Wajerumani, na bibi mmoja wa darasa letu hushikilia kwamba katani haiterezi mikononi mwa mtoto. Amesema kweli, tumejaribu zote mbili. Jani hukunjwa kikonyo juu ya kamba, kisha hubanwa kwa kijiti cha chelewa kilichochomolewa katika ufagio. Mwenye ufagio hulalamika. Mtoto wa miaka mitano huweza kubana majani mawili kabla hajachoka, wa miaka tisa humaliza mlango mzima, na wa miaka miwili hukaa katikati akiyararua yale yaliyopangwa. Naye pia tunamhesabu kuwa yumo kazini.

Katikati ya majani hutiwa ua la njano, galgota. Hapa tuliona kwamba kalenda yetu inasaidia kuliko tulivyodhani. Shada la galgota lililokauka halitupwi. Ukilipasua kichwa, ndani mna mbegu nyembamba nyeusi zenye mkia mweupe, nazo huota ndani ya wiki moja na kuchanua baada ya wiki nane hivi. Kwa hiyo tarehe 14 Januari, siku ya Uttarayan, watoto wanaporusha tiara, kila mmoja hupanda mbegu zake katika kopo la rangi lililotobolewa chini. Februari kuna jua kali na maji hayatoshi, basi maji yaliyooshea mchele ndiyo yanayomwagiwa kopo. Ikifika Holi, ua lipo. Yule aliyeuliza maua yako wapi alikuwa na matano.

Maua ya msituni hatuyachumi, na hili tunalisema wazi mbele ya watoto. Juu kule ni hifadhi, na mimea yake mingine haipatikani popote duniani. Yale maua madogo ya zambarau ambayo watu wa Ulaya huyapanga dirishani, wakayaita urujuani wa Afrika, jamaa zake wa porini bado wanaishi kwenye miamba yenye kivuli ya Uluguru na ya Usambara. Yakae huko huko. Mlima unatupa maji, ndizi, pilipili manga, mdalasini na mboga za Mgeta; nasi tusiuombe na pambo la mlango.

Pambo la pili ni rangoli, mchoro wa unga mbele ya kizingiti. Watu wazima wenye mkono mwepesi huuchora kwa kudondosha unga kati ya vidole viwili. Mtoto hawezi, tena hakuna haja ya kumlazimisha. Huanza na nukta: tatu kwa tatu, kisha tano kwa tano, kisha huunganisha nukta kwa mistari. Baba mmoja miongoni mwetu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, huvumilia mengine yote ya sikukuu kwa ajili ya nukta hizo. Unga wetu ni wa mchele uliovunjika, ule wa bei nafuu sokoni. Mchoro ukiisha kutazamwa, sisimizi huja kuula, na wazee wetu waliona hilo kuwa ni sadaka wala si uharibifu. Mvua nayo ikija kwa mshazari, inaufuta kabla ya sisimizi. Watoto wa mji huu wamejifunza kuchora barazani, upande wa ndani, jicho moja likiwa Bondwa.

Rangi ni sehemu wanayoipenda kuliko zote, nasi pia. Neno “rangi” na neno “rang” la sikukuu yetu ni neno moja lililosafiri. Manjano ya unga hutoa njano. Manjano hayo hayo ukiyatia magadi kidogo na maji, yanageuka mekundu mbele ya macho ya mtoto, na mtoto aliyeliona hilo mara moja hataki kulala usiku huo mpaka alirudie. Bitiruti za Mgeta zikichemshwa hutoa rangi ya waridi iliyokolea. Mchicha uliotwangwa hutoa kijani hafifu ambayo haidumu. Bamia ikikatwa kwa upana ni muhuri wa ua lenye petali tano, bila mtu kuichonga. Watoto hugonga bamia juu ya karatasi za kaki za sukari, wakazikata, wakazitundika dirishani. Jioni ambayo umeme umekatika, na ziko nyingi jioni za namna hiyo wakati wa mvua, familia nzima imekaa kuzunguka taa moja ikigonga bamia. Kazi za shule husubiri. Tunajua kwamba walimu wao wako hapa leo, na tunaomba wasamehe.

Tusiwadanganye wale ambao bado hawajapata watoto. Kazi hii haifanyiki katika utulivu. Inafanyika saa kumi na moja jioni, sare za shule zikiwa zimelowa, maharage yakiungua, mmoja akilia kwa sababu mwenzake amechukua jani lake refu. Mtoto mdogo atakula unga. Rangi ya manjano itaganda katika kochi, na kochi hilo halitarudi kama lilivyokuwa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mama au bibi huamua kufanya yote peke yake usiku, watoto wakiwa wamelala, ili asubuhi mlango upendeze. Mlango unapendeza kweli. Ila mtoto huamka akakuta sikukuu imekwisha kufika bila yeye.

Hatua inayofuata ni fupi. Mama huyo anachoka, na mwaka unaofuata hununua. Siku hizi toran ya plastiki inapatikana Kariakoo, imefungwa vizuri, ina maua ya kitambaa na shanga za kung'aa, na rangoli nayo ni ya kubandika. Hatumlaumu mtu yeyote aliyenunua. Mwenye mtoto mchanga na duka la kufungua saa mbili asubuhi ana haki ya kupumua. Tunasema tu kile kinachotokea baadaye. Plastiki hiyo hupasuka, hutupwa, na masika huibeba. Mto Morogoro unashuka kutoka Uluguru, unapita katikati ya mji wetu, unaingia Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayosafishwa kwa ajili ya Dar es Salaam, kabla mto haujafika baharini karibu na Bagamoyo. Nchi yetu ilikataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nasi sote tuliona mitaro ilivyopumua. Ingekuwa aibu kuurudishia mto kwa jina la majira ya kuchipua kile tulichokwisha kuuondolea. Toran ya majani ikikauka huwekwa chini ya mwembe ulikotoka.

Hata hivyo plastiki si shida kubwa kuliko zote. Wazee wetu mnafahamu kwamba mikeka ya darasa la Jumapili ilikuwa haitoshi zamani, na sasa inatosha na kubaki. Vijana wanaondoka. Wanakwenda Dar es Salaam kusoma, kisha wengine Leicester, wengine Toronto, na hatuna sababu ya haki ya kuwazuia. Hata waliotuzaa waliondoka mahali fulani. Wale waliokwisha kwenda hutupigia simu ya video wiki ya Holi. Hawaulizi sala, kwa kuwa sala zote wanazo katika simu hiyo hiyo. Wanauliza: “Kikonyo cha jani mlikuwa mnakikunja kwa ndani au kwa nje?” Mmoja alituonyesha toran aliyoitengeneza kwa majani ya mti wa uani kwake, mti ambao yeye wala sisi hatuujui jina, huku nje kukiwa na baridi na mwanawe wa miaka minne akiwa amevaa koti ndani ya nyumba. Ilikuwa imepinda. Aliyafunga majani kwa uzi wa viatu. Tuliitazama kimya kwa muda.

Tumejaribu kuuliza ni nani kati ya waliokwenda hupiga simu za namna hiyo, na karibu wote ni wale ambao utotoni waliachiwa kufanya wenyewe, hata vibaya. Huo si utafiti, ni hesabu ya vidole vya mkono katika darasa dogo. Lakini ndiyo hesabu tuliyo nayo, na inatutosha kubadili tunavyoendesha jioni zetu.

Katika Holi yenyewe, mnavyojua, mtoto aliyezaliwa mwaka huo hubebwa kuuzunguka moto kwa mara ya kwanza, amevalishwa nguo nyeupe na mkufu wa sukari. Katika moto huo tunatia nazi, tende na bisi. Kwao asili bisi hizo zilikuwa za mtama, hapa tunatumia za mahindi. Tumeongeza jambo moja dogo. Mkufu wa sukari hautoshi kwa ndugu wakubwa wa mtoto huyo, ambao mwaka huo wamekuwa wakisikia “mtoto, mtoto” mchana na usiku. Basi hao ndugu ndio wanaotengeneza shada la galgota la mdogo wao, kutoka makopo yao wenyewe. Tumeona wivu mwingi ukiishia katika shada hilo. Tumeona pia shada moja likitafunwa na mdogo mwenyewe kabla ya mzunguko wa pili.

Na majirani hawakukaa mbali. Mwaka jana mama mmoja wa Bigwa aliyekuja kuuza ndizi aliwakuta watoto wetu wakihangaika kusimamisha mashina mawili ya mgomba langoni, akatua kapu lake akawaonyesha namna ya kuyafukia yasianguke. Kwake halikuwa jambo la ajabu. Watu wa hapa husimamisha migomba na makuti wanapokuwa na harusi au wanapompokea mgeni mkubwa, kama sisi tunavyoisimamisha tunapofanya katha. Watoto wa Kikristo wa mtaani wanajua kusuka makuti kwa ajili ya Jumapili ya Matawi, ambayo mara nyingi huja wiki chache tu baada ya Holi, na mabinti wa jirani zetu Waislamu wanajua kutunga asumini kuliko sisi. Tangu hapo baraza la mapambo limekuwa na watoto wa kila nyumba, na Kiswahili ndicho lugha yake. Ndiyo sababu hotuba hii nayo tumeiandika kwa Kiswahili.

Sasa ombi letu, mheshimiwa mwenyekiti. Kila mwaka toran za watoto hupokelewa hekaluni kwa shukrani, kisha hutundikwa ukumbi wa chakula, upande wa nyuma, karibu na masufuria. Mlango mkuu huwekwa ile iliyonunuliwa, iliyonyooka. Tunaelewa kwa nini, kwa kuwa wageni huja na picha hupigwa. Lakini watoto wanajua kusoma ukuta. Mtoto wa miaka saba alituambia kwamba toran yake iko “kwa masufuria,” na hakusema kwa majivuno.

Tunaomba kwamba kuanzia Holi ijayo mlango mkuu wa hekalu uvae toran ya watoto, kama itakavyokuwa: majani yasiyolingana, pengo pale aliyekuwa akibana alipoitwa kwenda kula, na galgota zote zimelundikana upande mmoja. Mungu aliye ndani amekwisha kuona milango mingi iliyonyooka. Kamati ikikubali, tunaomba pia ngazi, maana mlango ni mrefu, na baba wa kuishikilia ngazi hiyo, kwa sababu watoto watataka kupanda wenyewe.

Tutakutana barazani pa hekalu Jumamosi ya kabla ya Holi, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha au isinyeshe. Katani na magadi tutaleta sisi. Kila nyumba ije na majani ishirini na moja ya mwembe yaliyooshwa, kikombe kimoja cha unga wa mchele, na ufagio wa chelewa ambao mwenyewe ameridhia uchomolewe vijiti.